Mama Mwenye Matiti Mazito: Je, Ni Vibaya Kupasuliwa?

Liko jambo ambalo akina mama hulisema kwa sauti ndogo tu, tena mara nyingi wakiwa wamekwisha kusimama ili waende zao. Mama huja hospitali kwa habari ya mgongo. Husema, "Mgongo unaniuma, shingo inaniuma, usiku silali." Hupewa vidonge vya maumivu, hurudi nyumbani, na baada ya mwezi mmoja yuko mlangoni tena. Ukimwuliza kwa upole, pasipo watu wengine chumbani, ndipo hutaja sababu yenyewe: matiti yake ni mazito kupita nguvu za mwili wake.

Nasema wazi tangu mwanzo: huo ni ugonjwa, wala si aibu. Na kupasuliwa ili matiti yapunguzwe ni dawa ya kweli, si majivuno. Lakini ni dawa yenye gharama, na gharama moja ni kubwa zaidi katika mji wetu wa Goma kuliko katika nchi za Ulaya. Nitaieleza mbele, maana wengi huijua wakiwa wamechelewa.

Kwanza tufahamu uzito wenyewe. Kwa akina mama wengi titi moja halifiki kilo moja. Kwa wengine lafika kilo moja na nusu, au mbili, au kupita hapo. Basi huyo mama hubeba kilo tatu au nne mbele ya kifua chake. Mtu atasema, kilo nne za viazi ni nini? Hata mtoto huzibeba toka soko la Virunga mpaka nyumbani. Ni kweli, lakini mtoto akifika huzitua. Mama huyu hatui. Hulala nazo, huamka nazo, hulima nazo, huimba nazo kanisani. Mabega huvutwa mbele, shingo hukaza, mgongo huinama kama wa mzee. Kamba za sutiani hukata mabega mpaka yakafanya mifereji ambayo haiondoki hata akiivua. Chini ya matiti jasho halikauki. Ngozi hulainika, huwasha, hupasuka, hutoa harufu, naye hujipaka manukato akiogopa jirani yake kwenye benchi.

Tena kumbukeni kazi za mama wa Kivu. Yeye hubeba kuni na mihogo mgongoni, kwa ukanda unaopita penye paji la uso. Mzigo wa nyuma huvuta kichwa nyuma, na mzigo wa mbele huvuta kifua chini. Shingo iko katikati. Na mwezi wa Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipotapika moto tarehe 22, kisha tarehe 27 watu wa mitaa mingi wakaambiwa waondoke, wengi walikwenda kwa miguu hata Sake, kama kilomita 25, mtoto mgongoni na godoro kichwani. Katika njia ile mtu aliyechoka aliweza kupokelewa godoro, hata mtoto aliweza kupokelewa. Mzigo ninaousema hapa hakuna aliyeweza kumpokea mwenzake.

Hayo ni ya mwili. Ya moyoni ni magumu vilevile. Msichana wa miaka 13 au 14 ambaye matiti yake yamekua upesi hupewa jina la mzaha shuleni. Hatainua mkono kujibu swali. Hukunja mikono kifuani akitembea, huvaa sweta juani, huacha kukimbia na wenzake. Wanaume wa rika la baba yake humtazama vibaya, naye hudhani kosa ni lake. Wako hata wazee wa kanisa waliomwambia mama wa binti kama huyo amfundishe kuvaa kwa heshima, na huku binti amejifunika tangu shingoni hata miguuni! Nguo gani tena avae? Maungo si tabia. Mtu mwenye macho mabaya ndiye wa kuonywa.

Wengine husema, "Mungu ndiye aliyemwumba hivyo; kupasua ni kumsahihisha Mungu." Nawajibu kwa mfano wa karibu. Zamani kwenye kisiwa cha Idjwi watu wengi walikuwa na rovu, yaani uvimbe mkubwa wa shingo, kwa sababu chakula chao kilipungukiwa na madini ya iodini. Je, mama aliyekatwa rovu kwa kuwa lilimbana koo aliitwa mwenye kiburi? Mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka hushonwa, na kanisa zima humshukuru Mungu. Kwa nini basi tufurahi juu ya mdomo na shingo, na tukifika kifuani tuseme ni tamaa ya uzuri? Nadhani ni kwa sababu sisi wenyewe tunaona haya kutaja matiti, ndipo tunamtwika mgonjwa haya yetu. (Hapa kwetu wengi husema "maziwa", wala si kitu. Semeni neno mlilozoea, ila lisemeni.)

Tena huko ng'ambo yuko Simona Halep wa Romania, mchezaji wa tenisi. Mwaka 2009, akiwa na miaka 17, alipasuliwa matiti yapunguzwe, kwa sababu mgongo ulimwuma na uzito ulimchelewesha kuufikia mpira. Mwaka 2017 akawa wa kwanza duniani kati ya wanawake, mwaka 2018 akashinda mashindano makuu ya Ufaransa, na mwaka 2019 yale ya Wimbledon, Uingereza. Simtaji ili binti zetu wote wakimbilie kisu. Namtaja ili mjue kwamba uzito ule ulikuwa uzito wa kweli, maana ulipoondoka mwili ulifanya kazi yake.

Sasa sikieni kazi yenyewe ilivyo. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, halafu daktari hufanya kazi kwa muda wa saa mbili hata nne. Huondoa nyama na mafuta na ngozi iliyozidi, kisha huinua chuchu na kuiweka juu zaidi. Mara nyingi chuchu haikatwi kabisa, bali huhamishwa ikiwa imeshikamana bado na nyama yake na mishipa yake ya damu. Titi likiwa kubwa mno, huenda ikabidi chuchu iondolewe na kupandikizwa upya kama kipande cha ngozi. Kovu mara nyingi huzunguka chuchu, hushuka chini, na kupita katika mkunjo chini ya titi. Umbo lake ni kama nanga ya mashua ya ziwani. Mrija mdogo huweza kuachwa siku moja au mbili ili damu itoke. Nyama iliyoondolewa yafaa ipelekwe kupimwa, maana mara chache hukutwa ndani yake kansa ambayo mkono haukuisikia. Na kabla ya yote daktari apapase vizuri akitafuta uvimbe. Akiwa mama amepita miaka 40, yafaa apigwe picha ya matiti mahali inapopatikana.

Wanawake wengi waliopasuliwa hivi husema mgongo na shingo vimepoa, vidonda vya chini ya titi vimekauka, na usingizi umerudi. Wengine husema jambo la kwanza waliloliona ni kwamba wanatazama mbele wakitembea, wala si chini.

Lakini kisu ni kisu. Kidonda huweza kuoza au kuchelewa kufunga, hasa pale makovu mawili yanapokutana. Damu huweza kujikusanya ndani. Mara chache chuchu hufa kwa kukosa damu, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mtu anayevuta tumbako, au mwenye ugonjwa wa sukari, au mnene sana. Chuchu huweza kupotewa na hisi kwa miezi, na kwa wengine siku zote. Matiti mawili huenda yasilingane sawasawa. Na sisi wenye ngozi nyeusi tujichunguze: kama kovu la kisu cha jikoni au la kutoboa sikio lilivimba likawa kama kamba nene, mwambie daktari kabla hajagusa, kwa sababu na haya yaweza kuvimba vivyo hivyo.

Na moyo nao una kidonda chake. Majuma ya kwanza matiti huvimba, yana rangi ya kuchubuka, umbo halijakaa. Mama hujitazama katika kioo asijitambue, akalia, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Msimwambie, "Si ulitaka mwenyewe?" Mtu huweza kufurahi kwamba mzigo umekwenda na kuulilia mwili aliouzoea, vyote siku moja. Umbo hutulia baada ya miezi kadha. Mume naye aambiwe mapema, tena na mganga, asije akaona makovu akadhani amefichwa jambo. Ila maumivu ni ya mke, na neno la mwisho ni lake.

Sasa ile gharama niliyoiahidi: maziwa ya mtoto. Baada ya kupasuliwa, wengine hunyonyesha vizuri, wengine hupata maziwa kidogo yasiyotosha, wengine hawapati kabisa. Hakuna daktari awezaye kuahidi. Chuchu ikiondolewa na kupandikizwa, kunyonyesha kwa titi hilo kwa kawaida kumekwisha. Mama wa Paris akikosa maziwa, hufungua bomba, huchemsha maji, hukoroga maziwa ya mkebe, na mtoto hukua. Mama wa Goma huchota wapi? Wengi hunywa maji yaliyotoka ziwani, na kipindupindu hakijatuacha. Mwaka 2021 moto wa mlima uliharibu mabomba na tangi la maji, watu wengi wakabaki wakitafuta maji kwa madumu. Chupa ya mtoto katika maji ya namna hiyo huleta kuhara, na kuhara huua mtoto mchanga upesi kuliko mnavyodhani. Tena mkebe wa maziwa una bei, na mama maskini huongeza maji ili udumu. Zaidi ya hayo, majirani watasema mama asiye na maziwa amelogwa, au hampendi mtoto.

Kwa hiyo neno langu ni hili, na najua wengine hawatakubaliana nami. Mama aliyekwisha kuzaa watoto wake, mwenye maumivu haya, sioni sababu ya kumzuia hata kidogo. Binti ambaye hajazaa na anaweza kuvumilia, afadhali angoje, akisaidiwa kwa njia nyingine. Lakini binti ambaye hawezi kusoma, hawezi kulala, hawezi kutoka nje, yeye asilazimishwe kubeba mateso ya miaka kumi na mitano kwa ajili ya mtoto ambaye hajachukuliwa mimba. Aambiwe kweli yote, kisha achague. Kosa kubwa ni kumnyamazia habari ya maziwa ili akubali, au kumtisha kwa habari ya maziwa ili akatae. Naye msichana angoje kwanza matiti yaache kukua, la sivyo huenda yakakua tena. Hata kwa mtu mzima mimba na unene huweza kuyarudisha.

Wako pia wale walioumizwa na watu wabaya wakati wa vita, na sasa wanachukia kifua chao na mwili wao wote. Mmoja huja akisema, "Ondoeni, nisitazamwe tena." Huyu asikilizwe kwa siku nyingi, na wale waliofundishwa kutunza mioyo iliyojeruhiwa. Kisu kisitangulie hapo.

Mtu aliniuliza, "Katika mji huu wa vita, nani ana haki ya kusema habari ya matiti?" Aliuliza kwa uchungu, nami sikumlaumu. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, hospitali ya CBCA Ndosho na nyingine zilijaa majeruhi wa risasi na mabomu, hata waganga wakakosa mahali pa kuwalaza. Siku kama hizo mama wa matiti mazito hungoja, wala yeye mwenyewe hakatai. Lakini kuambiwa "ngoja" si sawa na kuambiwa "nyamaza". Aliyevunjika mguu hutangulia mwenye jino bovu. Jino halijaacha kuwa bovu.

Wakati wa kungoja yako mambo ya kufanya. Sutiani iwe na kamba pana, yenye kushika vizuri, tena iwe ya kipimo chako. Za mitumba mara nyingi zimelegea. Osha chini ya matiti asubuhi na jioni, kausha kabisa, weka kitambaa safi cha pamba, na ngozi ikipasuka njoo upate dawa ya kupaka. Kupunguza unene husaidia wengine, si wote. Msinunue dawa za kupaka zinazouzwa kwamba zinapunguza matiti, hazipunguzi. Wala msimkande binti kwa jiwe la moto kama wafanyavyo wengine huko Kamerun. Huunguza na kuharibu titi, nalo hukua vilevile. Titi moja likikua ghafula peke yake, au likiwa na uvimbe mgumu, au matiti yakivimba mno katika mimba mpaka ngozi ipasuke, hapo usingoje chochote, njoo.

Si kila hospitali ina daktari aliyejifunza kazi hii. Usikubali kupasuliwa na mtu asiyeweza kukuambia amewapasua wangapi na wamepona namna gani. Muulize atahamisha chuchu kwa njia ipi, na hesabu ya fedha yote ni ngapi, pamoja na dawa na bandeji za kurudi.

Na kabla hujapanga siku, tafuta mtu wa kuchota maji. Baada ya kupasuliwa utakaa karibu majuma sita pasipo kubeba dumu, wala kuni, wala mtoto mgongoni. Hapa ndipo wengi huharibika: kidonda kilikuwa kizuri, siku ya kumi mama akainua dumu la lita 20 kwa sababu hapakuwa na mwingine, nyuzi zikaachia. Akina mama wa kanisa, mnajua kupanga zamu ya kumpikia mzazi. Pangeni na ya huyu, kila siku madumu mawili, mpaka majuma sita yaishe.