Sola yetu imeandikwa "ghala"



Nina dukuduku kuhusu vibali vya miradi midogo ya umeme wa jua.

Sisi ni kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Bulyaga, Tukuyu. Tenki letu la kupoozea maziwa linategemea umeme wa gridi. Ukikatika saa mbili usiku, maziwa ya jioni huwa yameharibika kabla gari la asubuhi halijafika, na mnunuzi akishapima anageuza gari bila hata kuaga. Tukakubaliana kujichangisha, tufunge paneli kwenye robo ekari iliyo nyuma ya kituo chetu, pamoja na kabati la betri. Michango ilipatikana kwa tabu, lakini ilipatikana. Kilichotushinda ni kibali.

Ofisi ya kwanza ilitupa fomu yenye visanduku vya nyumba ya kuishi, duka, ghala na kituo cha mafuta. Sola haimo. Karani, kijana mwenye nia njema kabisa, aliwaza kidogo kisha akaweka tiki kwenye "ghala", kwa kuwa betri, alisema, zinahifadhi umeme. Tiki hiyo inatutesa mpaka leo. Ofisi ya pili ilipoona ghala ikadai mchoro wa kuta, paa na mlango wa dharura wa jengo ambalo halipo. Ya tatu ikasema eneo ni la makazi na kilimo, kwa hiyo tuombe kwanza kubadilisha matumizi ya ardhi. Ya nne ikataka kujua ghala letu litatunza kemikali gani. Hakuna hata moja iliyotukatalia kwa maandishi, na hilo ni baya kuliko kukataliwa, maana ambaye hajakataliwa hana pa kukata rufaa.

Ajabu ni kwamba sheria zenyewe hazina ugomvi na sisi. Mradi wa chini ya megawati moja hauhitaji leseni ya EWURA ya kuzalisha umeme, na wetu ni wa kilowati chache tu. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira zilirekebishwa mwaka 2018, miradi ikagawanywa kwa makundi ili midogo isiburuzwe njia moja na migodi. Anayetaka ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 naye anajua pa kuanzia: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na ikizidi hapo linakuwa jambo la Waziri. Sisi wa robo ekari, ambayo tayari ni yetu, ndio tusiojua tubishe hodi wapi.

Sikatai kwamba betri zinataka uangalizi. Januari 2025 kituo kikubwa cha betri cha Moss Landing, California, kiliwaka moto na watu zaidi ya elfu moja wakahamishwa. Basi Zimamoto waje. Wapime umbali kati ya kabati na chumba cha maziwa, wakague swichi ya kuzimia, watuambie maji yatazuiwaje, kwa sababu mvua ya Tukuyu inayopita milimita 2,000 kwa mwaka si ya mzaha. Hayo ndiyo maswali ya maana, na katika ofisi zote hizo hatujaulizwa hata moja. Tumeulizwa rangi ya paa.

(Wapo pia wanaotucheka kwamba tunatafuta jua kwenye wilaya ya ukungu. Nawaalika waje Septemba.)

Ng'ambo ya mto Songwe, wenzetu wa Malawi wana kituo cha Golomoti wilayani Dedza, megawati 20 za jua pamoja na betri zake, tangu 2022. Hapa nchini TANESCO ina mradi wa Kishapu mkoani Shinyanga, uliopangwa kufikia megawati 150. Naipongeza miradi hiyo. Lakini ina wanasheria na wahandisi wa kufuatilia makaratasi. Sisi tuna katibu anayeamka alfajiri kukamua, akapeleka maziwa kituoni, ndipo aoge na kwenda kukaa kwenye benchi la ofisi akisubiri mtu ambaye yuko kikaoni.

Ninaiomba Wizara ya Ardhi na TAMISEMI zikae pamoja na watu wa nishati, fomu ya kibali iwe na sehemu ya umeme wa jua na betri, na kila halmashauri iwe na ofisa mmoja wa kupokea maombi hayo na kuyazungusha yeye mwenyewe ofisi kwa ofisi. Pia uwekwe muda wa mwombaji kujibiwa. Na kama jibu letu ni hapana, tupewe kwa maandishi, lenye sahihi na muhuri.

Mfugaji,
Bulyaga, Tukuyu.