Ndoa Moja, Amri Mbili



Katika parokia zilizo karibu na kambi wamo wanandoa ambao mume ni askari na mke pia ni askari. Tangu kikosi cha pekee cha wanawake wa jeshi la Kenya kilipovunjwa kuelekea mwaka 2000, wanawake hutumikia pamoja na wanaume katika majeshi ya nchi kavu, wanahewa na wanamaji. Twawapongeza. Lakini ndoa yao ina mzigo wake: mbele ya altare waliahidiana kuwa mwili mmoja, mbele ya bendera kila mmoja aliapa kwenda atakakotumwa.

Majeshi yetu yalipoingia Somalia Oktoba 2011, nyumba nyingi zilijifunza maana ya kungoja. Mmoja arudipo, mwenzake huenda akahamishwa, na watoto huachiwa nyanya. Hata hivyo, saa iliyo ngumu kuliko zote mara nyingi si ya kuagana, bali ya kurudi. Aliyetoka vitani hapati usingizi, hushtuka mlango ukigongwa, hunyamaza mezani. Mwenzake naye amechoka, naye angali akitazamia kufarijiwa. Wote wawili wamezoezwa kuvumilia bila kulia; basi kila mmoja humficha mwenziwe jeraha lake, na kimya huzaa ugomvi, ulevi, hata kipigo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hati ya Haki za Familia, iliyotolewa na Kiti Kitakatifu mwaka 1983, yadai kazi ipangwe hivi kwamba watu wa familia waweze kuishi pamoja. Kwa hiyo hili si jambo la huruma tu, ni la haki. Twawaomba makamanda, kadiri usalama unavyoruhusu, wasiwapeleke wazazi wote wawili mbali kwa wakati mmoja. Na askari amwendeaye daktari au mshauri asihesabiwe mwoga, wala asinyimwe cheo kwa sababu hiyo.

Nasi je? Jumuiya Ndogo Ndogo zisiwahesabu kuwa watoro wa sala, bali ziwatembelee watoto wao. Wanandoa wenyewe wapatane kabla ya safari: nani atawalea watoto, fedha zitatumikaje, watazungumza lini. Wakirudiana, wapeane muda, na cheo kiachwe mlangoni pamoja na buti. Anayepigwa asiambiwe avumilie, apatiwe kimbilio.

Askari hukesha ili nyumba zetu zilale salama. Ni haki nasi tukeshe kwa ajili ya nyumba yake.