Mwanamume wa Magazetini

Katika miaka ya 1960 jarida la picha lililoitwa African Film lilipita mikono kwa mikono katika Afrika Mashariki. Shujaa wake, Lance Spearman, alikuwa mpelelezi mwenye kofia ya Panama na tai ya kipepeo, mnywaji wa wiski, hodari wa ngumi. Mchapishaji wake alikuwa kampuni ya Drum ya Afrika Kusini, nchi iliyokuwa chini ya Makaburu. Vijana wetu walimpenda, nasi hatuwalaumu: alikuwa mtu mweusi asiyempigia yeyote magoti. Lakini uanaume wake ulikuwa wa bastola na gari la fahari. Kulima, kuuguza mzazi, kulea mtoto, hayo hayakuwa katika kurasa zake.

Na sisi wa Chama tulifanya nini? Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1, 1969, minisketi, wigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana zilipigwa marufuku. Tukiri makosa: mzigo uliwaangukia wasichana, ambao mjini Dar es Salaam walizomewa na kushambuliwa barabarani. Suruali ya mvulana ilipimwa upana; fikra zake hazikuguswa. Mkoani kwetu, katika miaka hiyo hiyo, Wamasai waliamriwa waache lubega na ngeu, wavae suruali. Leo moran yule tuliyemwonea haya ndiye anayepamba majarida ya utalii!

Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali tunakumbuka kwamba katika Suratun-Nur amri ya kuinamisha macho inawaelekea kwanza wanaume, katika aya ya 30, ndipo wanawake katika aya ya 31. Tulianza na aya ya pili.

Siku hizi magazeti ya udaku yanamhesabia mwanamume idadi ya wapenzi wake, na matangazo ya dawa za nguvu za kiume yamejaa kutani. Kijana ashukaye kutoka Nkoaranga kwenda Usa River anajifunza hapo thamani yake. Tunamwomba mhariri mmoja tu ampeleke mpiga picha Nkoaranga alfajiri, amkute baba anayemkatia ng'ombe majani huku mtoto amelala mgongoni pake, na picha hiyo aichape ukurasa wa mbele.