Sampuli za Afrika Zisomwe Afrika

Ugonjwa wa Ebola ulipozuka Afrika Magharibi mwaka 2014, bara hili lilipata fundisho ambalo halina budi kukumbukwa na kila mtumishi wa umma na kila mwalimu. Sampuli kutoka Kenema, Sierra Leone, ziliandaliwa huko kisha zikavushwa bahari hadi Marekani ili vinasaba vya virusi visomwe. Mipangilio 99 kutoka kwa wagonjwa 78 ilitangazwa Agosti mwaka huo. Watano kati ya wanasayansi walioshiriki, akiwamo Dk. Sheik Humarr Khan wa Kenema, walikuwa wamekwisha kufa kwa ugonjwa ule ule. Hadi mwaka 2016 ugonjwa huo ulikuwa umeua watu zaidi ya 11,000.

Wapo wanaodhani kwamba kinachokosekana ni mashine tu. Dhana hiyo ni potofu. Kazi huanza mbali kabla ya mashine. Damu ya mgonjwa hutiwa kemikali za kupasua virusi na kuvifanya visiambukize tena. Kisha RNA hutenganishwa na protini na uchafu, ikaoshwa kwa spiriti. RNA ni dhaifu mno. Vimeng'enya vilivyo katika ngozi ya kidole kisichovaa glavu vyaweza kuiharibu. Hugeuzwa kuwa DNA, ikazidishwa, ikaunganishwa na vipande maalumu vinavyoiwezesha kusomwa. Hapo ndipo mashine husoma herufi zake, ambazo kwa virusi vya Ebola ni 19,000 hivi. Sampuli iliyoharibika mwanzoni haiokolewi na mashine yoyote, hata iwe ya thamani gani.

Mwaka 2015 ilidhihirika nchini Guinea kwamba kazi hii yaweza kufanyika karibu na mgonjwa. Vifaa vyote, vyenye uzito usiofika kilo 50, vilisafirishwa kwa ndege kama mizigo ya kawaida ya abiria. Sampuli 142 zilisomwa, na majibu yaliweza kupatikana katika muda usiozidi saa 24. Hata hivyo vifaa hivyo vilitoka Uingereza. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nigeria ililitambua hilo: Machi 2020 wanasayansi wake, katika maabara ya chuo kikuu kilichopo Ede, walisoma vinasaba vya virusi vya korona siku chache tu baada ya mgonjwa wa kwanza nchini humo kuthibitishwa.

Kujitegemea kwa namna hiyo hakuletwi na hotuba. Kemikali nyingi za kazi hii huhitaji baridi kali. Zikikaa bandarini kwa sababu jalada limelala juu ya meza ya ofisa, huharibika, na fedha za wananchi hupotea. Bajeti inayonunua mashine bila kutenga fedha za kemikali, umeme na matengenezo hununua pambo.

Mwalimu naye ana dhamana kubwa. Mwanafunzi anayezoeshwa kupima kwa usahihi, kuandika lebo na kutunza usafi wa meza ya maabara ndiye mtaalamu wa kesho. Anayekaririshwa vitabu tu hataweza kuilinda sampuli.

Maradhi hayasubiri barua ijibiwe. Ofisa anayelipitisha jalada kwa wakati na mwalimu anayefungua mlango wa maabara wanaokoa maisha sawasawa na daktari aliye wodini.