Je, Yafaa Kulala Al-Hijr?

Jangwa la kaskazini ya Madina limepata wageni wa namna mpya. Kwa karne nyingi waliopita huko walikuwa mahujaji wa Sham, waliokwenda kwa ngamia huku wakihofu kiu na wanyang'anyi. Siku hizi mgeni hushuka kwenye ndege, akakaribishwa kwa tende na kahawa, kisha akapelekwa kwenye hema lenye kitanda kipana na bafu la maji moto. Malipo ya usiku mmoja katika hema kama hilo ni mamia ya dola.

Mambo haya ni ya juzi tu. Serikali ya Saudia ilitangaza mwaka 2016 mpango wake wa kufikia 2030, ili nchi isitegemee mafuta peke yake. Mwaka 2017 ikaundwa Tume ya Kifalme ya Al-Ula, na 2019 milango ikafunguliwa kwa watalii. Mwenye viza ya umra naye sasa ameruhusiwa kutembea miji mingine ya ufalme huo. Basi, ndugu msomaji, jambo hili si la Wazungu pekee. Mtu wa Mombasa au Malindi akisha kuzuru Madina, aweza kupanda gari akaenda zake Al-Ula, mwendo wa kilomita zaidi ya 300. Ndiyo sababu yafaa tujiulize atalala wapi.

Huko kuna mahali pawili, na watu wengi huvichanganya. Pa kwanza ni Al-Ula yenyewe, mji wa mitende na chemchemi. Pa pili ni Al-Hijr, au Madain Saleh, kama kilomita 20 kutoka hapo, penye makaburi zaidi ya mia yaliyochongwa katika majabali. Wataalamu wa mambo ya kale wasema makaburi hayo ni ya Wanabati, na yana umri wa miaka kama 2,000. Mwaka 2008 yalitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya Unesco, ya kwanza kutoka Saudia. Lakini kwa Waislamu jina la Al-Hijr ni la watu wa Thamud, kaumu ya Nabii Saleh, waliomchinja yule ngamia jike wakaangamizwa.

Mtume (S.A.W.) alipita hapo mwaka wa 9 wa Hijra akielekea Tabuk. Hadithi sahihi zaeleza kwamba aliwakataza masahaba wasiingie maskani ya waliojidhulumu ila kwa kulia, akajifunika kichwa na kuuharakisha mwendo. Waliokwisha kukanda unga kwa maji ya visima vya hapo waliamrishwa kuwalisha ngamia unga ule, na maji wayamwage.

Mafundisho haya hayakubaki vitabuni. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa mwaka 1331 akalala usiku mmoja kabla ya kwenda Kilwa, alipita Al-Hijr mwaka 1326 pamoja na msafara wa Damascus. Aeleza kwamba visima vilikuwa na maji tele na mahujaji walikuwa na kiu kali, wala hakuna aliyekunywa. Walisonga mbele mpaka Al-Ula, na huko ndiko walikopumzika siku nne, wakafua nguo na kununua vyakula. Masurufu ya ziada waliwaachia watu wa mji kama amana mpaka watakaporudi, kwa sababu watu hao walisifika kwa uaminifu. Al-Hijr palikuwa pa kupita, na Al-Ula pa kulala.

Baadaye Waturuki walijenga ngome Al-Hijr ya kulinda kisima na njia ya mahujaji. Kisha ikaja reli ya Hijazi, iliyoanzwa mwaka 1900 kwa amri ya Sultani Abdul Hamid II na kusaidiwa kwa michango ya Waislamu wa nchi nyingi. Mwaka 1908 ikafika Madina. Safari ya siku kama 40 kutoka Damascus ikawa ya siku chache. Al-Hijr palijengwa stesheni, na vita vikuu vya kwanza vikaiharibu reli hiyo. Hivi karibuni ngome ile na stesheni ile vimetiwa ndani ya hoteli ya fahari. Mahali ambapo msafara mzima ulikataa kunywa maji, leo pana meza za chakula cha jioni.

Wako watakaojibu kwamba Wanabati si Thamud, na kwamba serikali yenyewe imeruhusu. Ubishi wa majina ya kaumu niwaachie wataalamu. Mimi naona kwenda kutazama kwa mazingatio si sawa na kulala na kustarehe, na Mwislamu apaswa kuzitenga hizo mbili.

Al-Ula nako kuna la kusema, na mtu wa Lamu atalielewa upesi. Mji wake wa kale una nyumba karibu 900 za mawe na udongo zilizosongamana, na vichochoro vilivyoezekwa. Wakazi wa mwisho walihama katika miaka ya 1980, wakafuata nyumba za saruji zenye maji na umeme. Sasa baadhi ya nyumba hizo zimekuwa hoteli iitwayo Dar Tantora, na jioni huwashwa mishumaa ili mgeni aonje maisha ya zamani, yale yale ambayo wenyewe waliyakimbia! Sisemi ni ubaya mtupu. Vijana wa Al-Ula wamepata kazi ya kuwaongoza wageni na kuwasimulia habari za kwao, na nyumba zilizokuwa zikibomoka zimesimama tena. Lakini Lamu, pamoja na nyumba zake zote zilizonunuliwa na wageni, bado asubuhi watoto hutoka milangoni kwenda chuoni, na jirani humgongea jirani akiomba chumvi. Katika mji wa kale wa Al-Ula mwenye nyumba hayupo. Aliyepo ni mhudumu.

Atakaye kwenda na aende. Atoke Madina baada ya sala ya alfajiri, ayaone majabali ya Al-Hijr mchana kwa adabu yake, kisha magharibi imkute Al-Ula. Akikosa fedha za hema la kifahari, atafute nyumba ya kupanga huko mjini, karibu na mashamba ya mitende, ambako watu wenyewe wanaishi.