Cheti safi, machozi ya nini?

Wiki hii naomba usicheke, maana jambo lenyewe linauma.

Shoga yangu mmoja, ndoa yake hata mwaka haijamaliza, alinijia juzi na karatasi ya hospitali mkononi. Kapima Ukimwi, kaswende, kisonono. Vyote hana. Nikamrukia kwa furaha, "Hongera mwaya, uko fiti!" Bibie akaangua kilio.

Kumbe kila akikutana na mumewe anaumia, anajikaza, anasubiri yaishe. Jua likizama tu, moyo unamwenda mbio. Daktari alipoona karatasi ni safi alimwambia huna tatizo, nenda nyumbani. Kungwi naye alimfunda namna ya kumfurahisha mume. Hakumwambia kwamba na yeye ana haki ya kufurahi, au kusema leo sijisikii.

Sasa wenzangu, hiyo ndiyo afya? Shirika la Afya Duniani, katika katiba yake iliyoanza kutumika mwaka 1948, linasema afya si kukosa ugonjwa tu, ni kuwa mzima mwilini, akilini na katika maisha na wenzako. Mkutano wa Cairo wa mwaka 1994 nao ukasema afya ya mapenzi ni kuboresha maisha na uhusiano, si ushauri na tiba ya magonjwa ya zinaa peke yake.

Sisi vijana tumefundishwa kuogopa mimba na Ukimwi, basi. Kupima tupime, kondomu tutumie, hapo sina ubishi. Lakini woga, maumivu na kulazimishwa havionekani kwenye kipimo cha damu.

Maumivu hayo yana sababu nyingi: ukavu, misuli kukaza kwa woga, hata uvimbe kwenye kizazi. Mengi yana tiba. Nikamwambia arudi, amwone daktari wa akina mama, aseme bila kuficha. Ila aanze na mumewe.

Akasema. Jamaa alikaa kimyaa, halafu akauliza, "Mbona siku zote hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Jumatatu wakaenda hospitali wote wawili.

Na wewe kaka unayetamba kijiweni kwamba umepima na uko safi, mwenzio umeshamuuliza anajisikiaje? Muulize leo.

Tukutane wiki ijayo.