Ewe Makanga, Mzigo Umempa Nani?

Msomaji mpendwa, ikiwa unaishi mjini na una mzazi mashambani, bila shaka umewahi kufanya kama nilivyofanya mimi. Umenunua kitu cha kumfaa mama, ukakifunga ndani ya gunia, ukarauka alfajiri hadi kituo cha matatu na kumtia makanga noti ya shilingi mia mbili mkononi. Ukamwambia, "Huu ni wa mama, uuache Kiriaini, atakuja kuuchukua." Makanga akaitikia kwa kichwa, akausukuma mzigo chini ya kiti cha nyuma, nawe ukaenda kazini na moyo mweupe, ukijua umetimiza wajibu wa mtoto kwa mzazi.

Katika mzigo wangu mlikuwa na bomba la kunyunyizia dawa, lile la kubebwa mgongoni. Mrija wake mrefu wa chuma niliufunga kando kwa kamba. Humo humo gunijani nilitia chupa ya dawa ya kupe. Juu ya gunia niliandika kwa wino mzito maneno mawili tu: "Mama, Kiriaini." Leo nikiyakumbuka maneno hayo naona haya. Kwani Kiriaini ina akina mama wangapi?

Kwa msomaji asiyepafahamu, Kiriaini ni mji mdogo wa Mathioya, katika Kaunti ya Murang'a, karibu na mpaka wa Nyeri. Ukitoka Murang'a kuelekea Othaya utaupita. Ni nchi ya majani chai na kahawa, ya mabonde na vilima, na mvua ikinyesha njia zake huteleza kama sabuni. Siku hiyo mvua ilinyesha. Mama alichelewa njiani, na makanga alikuwa na haraka zake. Alipomwona mvulana wa shule akipita, alimwuliza, "We kijana, unamjua mwenye mzigo huu?" Mtoto akatazama maandishi, akajibu, "Namjua." Hakudanganya. Kila mtoto anamjua mama. Mzigo ukateremshwa, matatu ikaenda zake.

Wavulana ni wavulana. Hawakufika mbali kabla ya kulifungua gunia. Mmoja akauweka ule mrija begani kama askari wa gwaride, mwenzake akawa anatoa amri ya "kushoto, kulia," na kwa mwendo huo wakaingia sokoni. Mama mmoja muuza viazi alipoona chuma kirefu kinachungulia begani mwa mtoto alipiga ukemi: "Bunduki!" Basi soko likavunjika. Viazi vikabingirika mtaroni, wateja wakajificha nyuma ya vibanda, na naibu wa chifu akatoka hotelini akiwa bado na kikombe cha chai mkononi. Alipokaribia na kuona ni mrija wa bomba, watu walicheka hadi machozi yakawatoka.

Kicheko hicho hakikudumu. Aliyekuwa mdogo zaidi kati ya wale wavulana alikuwa amesimama pembeni na chupa ya dawa ya kupe mkononi, kifuniko hakipo na shati limelowa. Alidhani ni sharubati. Mungu alikuwa upande wake, kwani ilimmwagikia kabla hajaifikisha kinywani. Mama mmoja mwenye busara alimvua shati, akamwosha kwa sabuni na maji mengi, na mtoto akapelekwa kwenye kituo cha afya pamoja na ile chupa ili mganga asome dawa yenyewe ni ipi. Alilazwa siku moja, akapona.

Jioni mama alinipigia simu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ule mzigo ulimpa nani?" Msomaji wangu, sikuwa na la kujibu. Sikumjua makanga kwa jina, wala sikuwa nimetazama nambari ya gari.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja. Ule ukemi wa "bunduki" ulikuwa kosa la macho. Je, ingekuwa bunduki kweli? Usinicheke. Kuna nchi ambayo bunduki husafiri kama vitabu na viatu, na uzembe wa kutouliza "mzigo huu nampa nani?" umewahi kuigharimu pakubwa.

Mwaka wa 1963 mtu mmoja mjini Dallas, Marekani, alikata kuponi ya tangazo jaridani, akaijaza jina la A. Hidell na kuipeleka kwa duka moja mjini Chicago pamoja na dola 21 na senti 45. Mwezi Machi bunduki yenye darubini ilitumwa kwa njia ya posta hadi sanduku nambari 2915 mjini Dallas. Aliyelikodi sanduku hilo hakuitwa Hidell, bali Lee Harvey Oswald. Tarehe 22 Novemba mwaka huo huo Rais John Kennedy aliuawa kwa bunduki hiyo.

Sikiliza sasa jinsi mzigo ulivyoweza kutoka. Tume iliyochunguza mauaji hayo ilielezwa na mkaguzi wa posta kwamba kifurushi kikija, karatasi ya taarifa ilitiwa ndani ya sanduku, liwe lolote jina lililoandikwa juu ya kifurushi. Mwenye ufunguo aliichukua karatasi, akaenda dirishani, akapewa mzigo. Kwa kawaida hakuombwa kitambulisho, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba aliye na karatasi ndiye mwenye haki. Je, hilo lina tofauti gani na makanga wangu aliyeridhika na neno "namjua"?

Kisa hakikuishia hapo. Oswald aliagiza pia bastola kutoka Los Angeles. Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka wa 1927 iliyokataza bastola kutumwa kwa posta, ila sheria hiyo ilifunga mlango na kuacha dirisha wazi. Haikuyazuia makampuni binafsi ya kubeba mizigo. Basi bastola ikaletwa na kampuni ya mizigo ya reli, na siku ile ile ya mauaji ya rais ndiyo iliyomuua askari mmoja wa polisi wa Dallas. Ilichukua miaka mitano zaidi, na vifo vya Martin Luther King na Robert Kennedy, kabla ya sheria ya 1968 kupiga marufuku mtu wa kawaida kununua bunduki kwa njia ya posta kutoka jimbo jingine.

Huenda ukasema hayo yamepita. Nina mpwa wangu anayeendesha gari la vifurushi huko huko Marekani, na siku moja alinisimulia mambo kwenye simu. Siku hizi bunduki mpya hutumwa kwa muuzaji mwenye leseni, na mnunuzi huifuata dukani baada ya kukaguliwa. Hata hivyo, bunduki iliyopelekwa kiwandani kutengenezwa yaweza kurejeshwa moja kwa moja nyumbani kwa mwenyewe. Sheria inakataza mbebaji kulazimisha boksi liandikwe nje kwamba ndani mna silaha, ili wezi wasilivizie. Sheria pia inamtaka mbebaji asiikabidhi silaha ila kwa mtu anayetia sahihi kwamba ameipokea.

"Sasa mjomba," akaniambia, "siku ina vifurushi zaidi ya mia, mvua inanyesha, bosi anahesabu dakika. Unabisha hodi, hakuna anayeitika. Wako madereva wanaoliacha boksi barazani na kujitilia sahihi wenyewe." Nilinyamaza. Ulinzi wote ule wa sheria, kuanzia kiwandani hadi dukani, mwishowe unategemea dereva mmoja aliyechoka na mlango uliofungwa. Mtoto akitoka shule mapema akalikuta boksi barazani, nani atamzuia kulifungua?

Hapa kwetu Kenya hakuna anayeletewa bunduki mlangoni, na tushukuru. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka kila raia anayemiliki bunduki awe na cheti, aihifadhi mahali salama, na aripoti upesi ikipotea. Desemba 2018 serikali iliwaamuru raia wote wenye vyeti wakaguliwe upya. Wazee wa Nyeri na Murang'a hawahitaji kufundishwa uzito wa jambo hili. Dedan Kimathi alipokamatwa karibu na Nyeri mnamo Oktoba 1956, shtaka alilosomewa halikuwa la kuua. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, na kwa shtaka hilo wakoloni walimnyonga Februari 1957. Katika milima hii, swali la silaha iko mkononi mwa nani limewahi kuwa swali la kufa na kupona.

Lakini mnamo Juni 2021, huko Ngong, serikali iliteketeza bunduki haramu 5,144. Bunduki haina miguu wala mabawa. Kila moja ya hizo ilibebwa na mtu kutoka mahali fulani hadi mahali pengine. Mwenye nia mbaya hahitaji gari lake mwenyewe ikiwa kuna mbebaji asiyeuliza swali. Anachohitaji ni gunia, kamba na noti ya mia mbili.

Tazama kinyume tulicho nacho. Ukienda kwa wakala wa M-Pesa kutoa shilingi mia, ataomba kitambulisho. Mzigo wa kilo ishirini ukishuka stejini, tunampa mtu yeyote aliyenyoosha mkono. Je, shilingi mia ina thamani kuliko mtoto yule aliyelowa dawa ya kupe?

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla ya kumlaumu makanga nimeanza kujirekebisha mwenyewe, nawe nakusihi tufuatane.

Kwanza, andika juu ya mzigo jina kamili la mpokeaji na nambari yake ya simu. Chukua nambari ya gari na jina la anayeubeba. Mwambie mpokeaji saa ya gari kufika, na umwombe akupigie simu mzigo ukishafika mkononi mwake. Ikiwezekana, tumia kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, inayotoa risiti na kuomba kitambulisho.

Pili, usichanganye dawa ya mifugo, sumu ya panya au kisu na vitu vingine, na usikitume kamwe kitu cha hatari kipokelewe na mtoto. Kama ni dawa ya kupe, heri mama ainunue dukani huko huko mjini kwao, umtumie pesa tu. Na mtoto akimwagikiwa, mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Akiinywa, usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali na uibebe chupa.

Tatu, nawageukia ninyi wanafunzi mnaosafiri kila mwanzo na mwisho wa muhula. Mtu usiyemjua akikuomba stejini, "Nipelekee kifurushi hiki Karatina, kuna mtu atakipokea," kataa kwa adabu. Polisi wakikifungua njiani, wewe ndiwe utakayeulizwa. Na mkiona kitu mnachoshuku kuwa bunduki au risasi, kiwe shambani au barazani, msikiguse wala kukichezea. Ondokeni, mmwite mtu mzima, naye apige simu 999 au 112.

Nanyi makanga na waendesha boda boda, siwatukani. Mnatubebea mapenzi yetu kila siku, kutoka viazi hadi karo, na wengi wenu ni waaminifu kuliko sisi tunaowatuma. Nawaomba jambo moja tu: kazi yenu haiishi gari linapofika. Inaisha mzigo unapoingia mkono unaostahili. Mwenyewe asipopatikana, rudi nao ofisini au uuache kwa karani anayejulikana, kisha upige simu.

Mwezi uliopita nilimtumia mama blanketi. Jioni akanipigia simu akiwa amekasirika kweli kweli. "Hebu fikiri! Kijana mdogo kama yule ananiambia, 'Cucu, kitambulisho tafadhali.' Mimi niliyezaliwa hapa kabla baba yake hajazaliwa!"

Nilimwuliza, "Na ulimpa, mama?"

"Nilimpa. Akaniandikisha jina na kunitia wino kidoleni kama siku ya kura."

Nikamwomba amsamehe kijana huyo, na safari ijayo amchukulie ndizi mbili za shukrani. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama yule mtoto wa shati lililolowa nami ningemnunulia blanketi. Nimemnunulia. Limeandikwa jina lake kamili.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.